Namna Matenga Yalivyojifunza Kurudi Mgeta

Mwalimu wetu wa usanifu alikuwa na tabia ya kuvua kiatu katikati ya somo, kukiweka juu ya meza na kutuuliza, "Hiki kimetoka wapi, na kikichakaa kitakwenda wapi?" Swali la kwanza tulilijibu bila shida. La pili lilituchekesha, kwa sababu miaka ile ya Ujamaa kiatu hakikuwa na ruhusa ya kuchakaa. Kilishonwa, kikatiwa kiraka, kikarithiwa na mdogo wako, na kilipokwisha kabisa soli yake ilikatwa ikawa bawaba ya mlango wa banda la kuku. Tulipomwambia hivyo, mwalimu alisema hilo ndilo jibu, tuliandike.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni Dar es Salaam, msichana peke yangu kati ya wavulana kumi na mmoja, nikisomea usanifu wa vitu vya kila siku: viti, taa, vyombo vya jikoni, vitu vya kubebea mizigo. Nyumbani kwetu Bigwa, chini ya milima ya Uluguru, hakuna aliyeelewa hasa nilichokuwa nasomea. Baba aliwaambia majirani kwamba nasomea useremala wa kwenye karatasi. Siku hizo nilichukia. Leo naona hakuwa mbali na ukweli.

Likizo ndefu ilipokaribia, mwalimu alitupa kazi moja tu. Kila mmoja achague kitu kinachotumika kila siku kwao, aishi nacho mpaka akijue, kisha arudi nacho kikiwa bora. Neno "bora" alilitamka polepole, akitutazama mmoja mmoja, na hatukujua kama anatutania.

Mimi nilichagua tenga. Kwa asiyelijua, tenga ni kapu kubwa la mianzi lenye matundu, lisilo na mkono wala kifuniko, ambalo watu wa Mgeta hujaza nyanya, kabichi na karoti na kulibeba kichwani kutoka mashambani juu mlimani hadi barabarani, lori linakosubiri. Kaka yake mama, mjomba wangu, alikuwa msukaji wa matenga huko juu. Na kwetu Waluguru ukoo ni wa upande wa mama, kwa hiyo mjomba si mtu wa kuamkia na kupita. Baba aliponikubalia kwenda, mama alisema, "Vizuri. Sasa tusubiri mjomba wako anasemaje." Mjomba akajibu kwa mdomo wa dereva wa lori: nije, ila nije na chumvi.

Ndilo lori nililopandia. Lilikuwa tupu, isipokuwa magunia mawili ya vitu vya duka la kijiji, pipa la mafuta ya taa, mimi na chumvi yangu. Dereva alikuwa mtu mnene mchangamfu, kofia ya sufu imemfika nyusini, na kila kona alipiga honi hata kama haoni mtu.

"Mimi napanda mtupu nashuka nimejaa," aliniambia. "Mlevi naye hupanda kwenda kilabuni mtupu, akashuka amejaa. Tofauti ni kwamba mimi sianguki."

Nilimkuta mjomba amekaa uani kwenye kigoda, tenga lililofika nusu likiwa katikati ya magoti yake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Umekuja kutusaidia kuvuna?"

"Nimekuja kuboresha tenga."

Alilitazama lile lililokuwa mikononi mwake, akanitazama mimi, akalitazama tena.

"Limekukosea nini?" aliuliza.

Nilimweleza. Nilikuwa na daftari lenye michoro na vipimo. Tenga halisimami vizuri juu ya jingine, nilisema. Halina mahali pa kushika. Nyanya za chini hubanwa na za juu. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho kwa heshima ambayo nadhani sikuistahili, kisha akasema nikiona vyema nitengeneze hilo langu, tulione.

Nilikwenda karakana ya misheni nikaomba mbao nyepesi za misonobari na ruhusa ya kutumia randa. Kwa siku kumi nilikata na kupima, nikatengeneza sanduku ambalo mpaka leo siwezi kulisema vibaya. Pembe zake zilikuwa kamili, lilikuwa na mishiko ya kamba ya katani, na nafasi ndogo kati ya ubao na ubao ili hewa ipite. Nililibeba hadi nyumbani nikitembea katikati ya njia ili kila mtu alione.

Mke wa mjomba alitoka jikoni akifuta mikono, akalizunguka mara moja.

"Poleni," alisema. "Nani amefariki?"

Mjomba alilipapasa kwa kiganja. "Mbao nzuri. Kazi safi. Sasa litavaliwa vipi?"

"Halivaliwi, mjomba. Linabebwa."

"Aa," alisema, akarudi kwenye mianzi yake.

Siku ya lori ilifika. Mvua ilikuwa imenyesha, na njia ya kushukia barabarani, ambayo ni nyembamba na inateremka kama ngazi kati ya makonde ya kabichi, ilikuwa tope jekundu tupu. Nilijaza nyanya sandukuni, nikaweka ngata ya majani ya migomba kichwani, nikatwishwa. Mke wa mjomba alitangulia na tenga lake, mgongo umenyooka, akizungumza na kila aliyekutana naye kama mtu asiye na kitu kichwani.

Sikufika mbali kabla sijaelewa maana ya kuvaliwa. Tenga lake lilikuwa likitembea naye. Akikanyaga, linabonyea kidogo. Akipinda, nalo linapinda. Langu lilikuwa na msimamo wake. Niliposhuka hatua moja, lenyewe lilibaki kwenye hatua ya juu, kisha likanifuata kwa kishindo na kunigonga utosini. Kona yake ilikwama kwenye ukingo wa njia mara tatu. Kwenye upindo wa juu ya kijito nilisalimu amri, nikalitua nipumzike.

Hapo ndipo nilipokosea. Ubao niliokuwa nimeupiga randa ukawa laini kama kioo, nimeuweka juu ya tope lililolowa, kwenye mteremko. Sanduku lilianza kuondoka taratibu, kwa adabu, kama mgeni anayeaga. Nikadhani naota. Nilipoinuka kulishika lilikuwa limekwisha kunipita, na lilipofika penye mteremko mkali likasahau adabu zote.

"Pisheni!" mke wa mjomba alipiga kelele. "Pisheni, sanduku linapita!"

Watu waliokuwa chini wakaruka kulia na kushoto. Mzee katekista, aliyekuwa anapanda na mwavuli wake, alijitupa kwenye kabichi za watu. Baadaye alinishtaki kwa mjomba akiwa amejikaza uso asicheke. "Limenipita," alisema, "bila hata shikamoo."

Lilifika barabarani kabla yetu sote, likajigonga kwenye gurudumu la lori na kusimama. Tulipofika tukihema, dereva alikuwa ameinama juu yake, kofia ameishika mkononi.

"Sanduku ni zima," alitutangazia. "Nyanya ndizo zimekuwa mchuzi. Zinangoja chumvi tu."

Nililia. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nimebeba elimu ya chuo, na nimemwaga jasho la mke wa mjomba wangu mbele ya kijiji kizima. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa kwenye nyasi. Nilidhani ameumia. Nilipomsogelea nikaona amecheka mpaka miguu imemwishia nguvu, na kila alipojaribu kusema neno alinyoosha kidole kwenye njia na kuanza upya. Mwishowe nami nikacheka, machozi yakiwa bado mashavuni. Jioni ile alipika zile nyanya kwenye sufuria kubwa na njegere, majirani wakaja na ugali wao, na katekista akala sahani mbili kama fidia.

Kesho yake mjomba aliniita uani. Alinisogezea kigoda na panga dogo. "Kaa," alisema. "Tuanze na kupasua."

Kupasua mwanzi kunaonekana rahisi kwa anayetazama. Siku tatu za kwanza nilijikata zaidi ya mwanzi. Mjomba alinifundisha kusikiliza: mwanzi uliokomaa ukiugonga hulia kwa ukali, mchanga hulia kama mtu mwenye mafua. Alinionyesha kwamba matundu niliyoyaona kama uvivu wa msukaji ndiyo yanayofanya kabichi ifike Dar haijaanza kunuka, na kwamba kitako cha duara ndicho kinachogawa uzito ili nyanya za chini zisibebe lawama zote. Hapakuwa na msumari hata mmoja. Kila utepe ulishikwa na mwenzake.

Nilipoanza kulijua tenga, nikaanza kuliona kila mahali. Kuku wa mke wa mjomba alikuwa ameatamia ndani ya tenga lililochoka mdomo. Jingine lilikuwa limefunikwa juu ya miche ya mipichi ili mbuzi wasiiguse. Na asubuhi moja, nikiwa naota moto jikoni, nilitazama kinachochemsha chai nikaona ni kitako cha tenga, kikiwaka kwa mlio mzuri, na majivu yake mke wa mjomba aliyachota akaenda kuyamwaga kwenye mashina ya kabichi. Nilikaa na kikombe changu nikikumbuka mihadhara yote niliyoiandika. Wakati ule neno uendelevu halijaanza kutembea midomoni mwa watu. Kama lingekuwepo, sidhani kama mke wa mjomba angelihitaji. Yeye aliona tu kwamba kitu kikiisha kazi moja hutafutiwa nyingine.

Basi nikamwambia mjomba nimeshindwa. Nitarudi chuoni niseme tenga halina kasoro.

Mjomba hakufurahi kama nilivyotegemea. "Twende tukakate mianzi," alisema.

Tulitembea sana. Tulivuka kijito, tukapita mashamba ya watu wa mbali, tukapanda mpaka ukungu ukatufunika. Alipofika kwenye kichaka chembamba cha mianzi alitua panga na kukaa.

"Mimi nikiwa kijana mianzi ilikuwa nyuma ya jiko la mama yangu," alisema.

"Imekwenda wapi?"

"Imeshuka Dar. Tenga moja, tenga moja. Hii unayoiona hapa ni michanga, naikata kwa sababu sina mingine. Tenga la mwanzi mchanga halimalizi msimu, kwa hiyo inabidi nisuke jingine, kwa hiyo nakata tena." Kwa mwezi mzima niliokaa naye, huo ndio wakati pekee niliomwona bila utani usoni. "Tenga halina kasoro, mpwa wangu. Kasoro ni kwamba halirudi."

Ilikuwa kweli, nami sikuwa nimeliona hilo pamoja na daftari langu lote. Tenga liliuzwa pamoja na mali iliyomo. Likifika sokoni Dar, mboga zikaisha, likabaki huko, likatupwa au likachomwa na mtu asiyejua limetoka wapi. Na lori lilikuwa linarudi karibu tupu! Nilipomuuliza dereva kwa nini habebi matenga matupu, alijibu kwamba matenga ishirini matupu yanajaza gari kama matenga ishirini yaliyojaa. Angepakia wapi abiria na magunia ya duka?

Jibu lilinijia kijitoni, nikiosha vyombo na mke wa mjomba. Alikuwa anapanga masufuria ya kurudi nayo nyumbani: dogo ndani ya la kati, la kati ndani ya kubwa, yote matano akayabeba kama moja. Nilimnyang'anya nikakimbia nayo mlimani, maji yakinichuruzikia.

"Mjomba! Tumbo!"

"Tumbo linakuuma?"

"Tumbo la tenga!"

Nilimwonyesha. Matenga yake yalikuwa na tumbo: membamba mdomoni, yakavimba katikati, yakabana tena chini. Kama tumbo lingeondolewa na mdomo ukapanuka kidogo, yangeingiana kama yale masufuria, na matenga kumi yangechukua nafasi ya mawili.

Mjomba alikataa. Tumbo ndiyo sura ya tenga, alisema. Baba yake alisuka lenye tumbo. Tenga lisilo na tumbo ni tenga lenye njaa, nani atanunua nyanya kutoka kwa mwenye njaa? Alinuna siku mbili. Siku ya tatu sikumwona uani. Nilimkuta nyuma ya nyumba na matenga matatu mapya, mdomo mpana, ubavu umenyooka, yote yameingiana.

"Nilikuwa najaribu tu," alisema.

"Yameingiana, mjomba!"

"Kuingia yameingia. Sasa yatoe."

Hayakutoka. Yalikuwa yameshikana kama ndoa. Nilivuta upande mmoja naye upande wa pili, tukazunguka ua mzima, mpaka la ndani lilipofyatuka na sisi wawili tukaanguka chali, yeye kwenye majani, mimi kwenye matope ya bata. Mke wa mjomba alituangalia kutoka mlangoni na kuuliza kama chuoni tunafundishwa na haya.

Mimi nilikuwa tayari kukata tamaa kwa mara ya pili. Mjomba ndiye aliyekaa, akakuna kidevu, akachukua utepe mnene na kuuzungusha nje ya tenga, upana wa kiganja chini ya mdomo, kama mshipi. Tenga lilipoingia ndani ya mwenzake, ule mshipi ulikaa juu ya mdomo wa la nje na kulizuia lisizame. Likatoka kwa kidole kimoja. Aliliingiza na kulitoa mara nyingi sana, akitabasamu kwa upande.

Kilichobaki kilikuwa maneno na watu. Dereva alikubali, kwa sharti kwamba asiitwe dereva wa matenga. Huko Dar kulikuwa na mama mmoja muuza mboga aliyepokea mzigo wa kijiji miaka yote. Dereva akamwomba ayakusanye yakiisha. Kila nyumba ikachagua alama yake, utepe mmoja au tepe mbili zilizokaushwa juu ya moto mpaka zikawa nyeusi, ili tenga likirudi lijulikane ni la nani.

Lori la kwanza lililoyarudisha lilifika siku mbili kabla sijaondoka. Watu walishuka barabarani kama wanapokea harusi. Rundo lilikuwa limefungwa kamba nyuma ya kichwa cha gari, na mke wa mjomba alipolitoa tenga la ndani kabisa alikuta kitu kimefungwa kwa gazeti. Kilikuwa kipande cha sabuni ya kufulia, nusu mche. Siku zile sabuni ilipangiwa foleni toka alfajiri na bado ungerudi mikono mitupu. Dereva alieleza kwamba ni salamu kutoka kwa yule mama muuza mboga.

Mke wa mjomba aliinusa ile sabuni, kisha akaishika tu. "Ameuza kabichi zangu mpaka wanangu wamekua," alisema. "Sikuwahi kujua kama ni mtu mwema au mbaya." Wiki iliyofuata tenga lake lilishuka na pichi kumi zimefichwa chini ya kabichi, zimefungwa kwa gazeti lile lile.

Chuoni, siku ya kuonyesha kazi, wenzangu walileta vitu vya kung'aa. Mmoja alikuwa na kiti kinachokunjika, mwingine taa yenye vioo. Mimi niliweka tenga mezani. Mwalimu alilizunguka.

"Hili ni tenga," alisema.

"Ndiyo, mwalimu."

"Ni lile lile."

Nikaingiza mkono nikatoa tenga la pili ndani yake, na ndani ya la pili nikatoa la tatu. Darasa lilicheka kama kwenye mazingaombwe. Mwalimu hakucheka. Aliuliza nani amebuni. Nilimwambia kuondoa tumbo ni wazo langu, mshipi ni wa mjomba, na kuingiana tumejifunza kwa masufuria. Aliandika kwa muda mrefu. Alinipa maksi nzuri, akapunguza chache kwa sababu sikuwa nimechora lile sanduku lililoshindwa. Alisema nalo lilikuwa sehemu ya kazi, pengine sehemu kubwa.

Nisidanganye kwamba matenga yote yalirudi. Karibu nusu yalipotelea mjini. Lakini mjomba alianza kuiacha mianzi michanga ikomae, na barua ya mke wake, iliyoandikwa na katekista, ilisema nyuma ya jiko wamepanda mashina mapya saba, sita yameshika.

Mwaka uliofuata mjomba mwenyewe alishuka Dar, mara ya kwanza maishani. Hakutaka kuona majengo. Alitaka kuona yanakokwenda matenga yake. Nilimpeleka sokoni, akatembea mikono nyuma, akikagua kila kapu kama mkaguzi wa serikali. Ghafla alichuchumaa mbele ya kibanda cha kuku. Chini palikuwa na tenga la zamani, lenye tumbo, limechakaa na kuwa jeusi, majogoo wawili wamefungiwa ndani. Alilitambua kuwa ni kazi ya mkono wake mwenyewe. Aliingiza kidole kwenye fundo moja, akalitikisa kidogo.

"Mzee, unachukua jogoo?" mwenye kibanda aliuliza.

"Hapana, baba," mjomba alijibu. "Namwangalia mwanangu."

Yule mwenye kibanda alimtazama jogoo, akamtazama mjomba, akanitazama mimi. Nilimweleza. Basi akaanza kulisifia: halivunjiki, hewa inapita, kuku wametulia humo kuliko kwenye mabanda ya waya. Mjomba alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, na safari nzima ya kurudi nyumbani hakuacha kuimba chini kwa chini.

Aliporudi Mgeta aliendelea kusuka matenga ya mshipi, yale ya kwenda na kurudi. Ila kila alipomaliza kumi, la kumi na moja alilisuka na tumbo. Mke wake alipouliza la nani, alimjibu kwamba hilo ni la majogoo wa Dar.